Majina Yavukapo Mipaka

Uganda imepakana na nchi tano: Kenya upande wa mashariki, Tanzania na Rwanda upande wa kusini, Kongo magharibi, na Sudani Kusini upande wa kaskazini. Msafiri afikapo kwenye kizuizi cha mpaka hutakiwa kufungua mizigo yake. Magunia hukaguliwa, ng'ombe huangaliwa maradhi, fedha hubadilishwa. Kitu kimoja hupita bila ya kutozwa ushuru, nacho ni jina lake. Hata hivyo, jina lile lile ambalo hatua mia nyuma lilikuwa sala au shukrani, hatua mia mbele laweza kuwa mnyama, au pombe, au neno ambalo mtu mwenye adabu halitamki mbele ya mama mkwe wake.

Hapana watu wanaolifahamu jambo hili kuliko askari na jamaa zao. Mkulima aweza kuishi umri wake wote asisikie ila majina ya watu wa lugha yake. Kambi haiko hivyo. Kambi hukusanya watu wa pande zote za nchi na kuwapanga katika mstari mmoja, kisha majina yao husomwa kwa lugha ambayo si ya mama wa yeyote kati yao. Tangu siku za King's African Rifles lugha hiyo imekuwa Kiswahili, na Kiswahili ni lugha yenye masikio makali: kila jina lisikikalo hulitafutia maana, hata kama maana hiyo sio aliyoikusudia mzazi.

Safari ya kuyafuata majina haya na ianzie mashariki, katika mji wa Busia, ambao mpaka umepita katikati yake. Wasamia wako pande zote mbili, na majirani zao ni Wabukusu na Wajaluo. Huko jina aghalabu ni kalenda. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula, na wa kike Nafula. Wa wakati wa mavuno ni Wekesa na Nekesa. Wa kiangazi ni Simiyu na Nasimiyu, na hapo Mtanzania huinua kichwa, kwa kuwa Simiyu kwake ni mkoa mzima, ulioanzishwa mwaka 2012, wenye makao makuu yake Bariadi.

Jina la Wanjala halihitaji mkalimani. Mswahili husikia "wa njaa", naye hajakosea: ndivyo lilivyo. Anapokosea ni pale anapocheka. Jina hilo, au Nanjala kwa mtoto wa kike, ni kumbukumbu ya mwaka ambao ghala zilikuwa tupu, na katika mwaka huo mama alibeba mimba, akajifungua, na mtoto akaishi. Aitwaye hivyo hatangazi umaskini wa kwao. Anatangaza kwamba njaa ilishindwa.

Wamalwa nalo ni hivyo hivyo. Katika Uganda malwa ni pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija mirefu, watu wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja. Askari wa Kampala alisikiapo jina hilo hudhani ni la mlevi, kumbe ni la mtoto aliyezaliwa wakati pombe ilipokuwa ikipikwa, yaani wakati wa shibe na sherehe. Kenya ilipata Makamu wa Rais wa jina hilo, Michael Kijana Wamalwa, aliyefariki mwezi wa Agosti 2003. Alikuwa na umri wa miaka 58, na hadi siku hiyo alikuwa akiitwa Kijana.

Wajaluo huliongoza jina kwa herufi: O kwa mwanamume, A kwa mwanamke. Otieno na Atieno walizaliwa usiku, Okoth na Akoth wakati wa mvua. Herufi hiyo ya O imewahi kuleta mzaha mkubwa. Watu wa Ireland nao wana majina mengi yaanzayo kwa O, yenye alama ndogo juu yake. Barack Obama, ambaye asili ya baba yake ni Kogelo katika Siaya, alipokuwa Rais wa Marekani alizuru kijiji cha Moneygall mwezi wa Mei 2011, alikotoka babu mmoja wa upande wa mama yake, akawatania wenyeji kwamba amekuja kuitafuta alama hiyo iliyopotea njiani. Huko Japani nako kuna mji uitwao Obama, na kwa lugha yao maana yake ni ufuo mdogo. Jina moja basi limekuwa la Mjaluo, likafanyiwa mzaha wa Kiairishi, na likasherehekewa na wavuvi wa Japani, bila ya mmoja wao kumwomba mwenzake ruhusa.

Kusini, barabara ya Masaka huteremka hadi Mutukula, penye mpaka wa Tanzania. Wazee wanaikumbuka Mutukula kwa vita vya 1978 na 1979, lakini siku hizi ni mahali pa malori na akina mama wauzao chakula. Avukaye hapo hukutana na majina ya Kiswahili chenyewe: Shida, Tabu, Mashaka. Mgeni hujiuliza ni mzazi gani amwitaye mwanawe Shida. Jibu analo kila bibi wa mwambao na wa bara. Mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa, au baba akiwa mahututi, au mama akiwa ameachwa, hupewa jina la hali hiyo. Wengine huamini pia kwamba jina lisilovutia humfanya mauti asimtamani mtoto. Hivyo jina baya huwa ndiyo ngao ya kwanza avikwayo mwanadamu.

Naye Mtanzania avukaye kuja upande wa pili hukutana na Kizza, ambaye Wanyoro humwandika Kiiza. Kwa Kiswahili kiza ni giza, na mgeni husikitika akidhani mtoto alilaaniwa tangu tumboni. Kumbe ni kinyume. Katika Buganda na Bunyoro pacha ni heshima kubwa: baba yao huitwa Ssalongo na mama Nnalongo, na majina hayo hushinda vyeo vingine nyumbani. Pacha wa kiume wa Kiganda ni Wasswa na Kato, wa kike ni Babirye na Nakato. Aliyewatangulia ni Kigongo, aliyewafuata ni Kizza, na amfuataye Kizza ni Kamya. Kwa hiyo Kizza ni mtoto aliyezaliwa katika nyumba iliyokwisha pata baraka maradufu, na asikiaye Kigongo asifikirie gongo wala rungu. Wasukuma wa ng'ambo ya ziwa wana utaratibu huo huo: Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ndiye awafuatao. Kato naye amesafiri zaidi ya wote, kwani ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea sana Japani. Mjapani aitwaye Kato akifika Kampala huulizwa, "Wasswa wako yuko wapi?"

Magharibi ya hapo barabara hupanda milima ya Kigezi hadi Katuna, mlango wa Rwanda. Huku majina mengi ni sentensi kamili, na aghalabu Mungu ndiye anayetajwa. Tumwesigye wa Kigezi maana yake ni kwamba tumemtumaini Yeye. Tumusiime ni kumshukuru. Mbabazi ni rehema, ijapokuwa Mswahili husikia habari za kubabaika. Vukeni mpaka mkutane na Ndizeye, na mwenye njaa atasikia ndizi, ambapo mwenye jina anasema, "Nina tumaini." Hakizimana humfanya askari wa polisi afikirie mahakama na haki iliyozimwa, kumbe jina linakiri kwamba Mungu ndiye aponyaye.

Lakini hakuna jina la njia hii lililopata msukosuko kama Kamikazi. Kwa Wanyarwanda, Warundi na baadhi ya Wanyankole ni jina zuri la mtoto wa kike, lenye uhusiano na neno umwamikazi, yaani malkia. Msichana mwenye jina hilo akienda kusoma ng'ambo, mwalimu hushtuka. Neno la Kijapani la kamikaze lina maana ya upepo wa kimungu. Wajapani waliziita hivyo tufani zilizovunja majeshi ya majini ya Wamongolia mwaka 1274 na mwaka 1281. Katika Vita Kuu ya Pili, kuanzia Oktoba 1944, jina hilo wakapewa marubani waliotumwa kugonga manowari za Wamarekani kwa ndege zao, wafe pamoja nazo. Basi msichana aliyeitwa malkia mdogo na nyanya yake hujikuta akieleza mbele ya darasa kwamba jina lake halina uhusiano na mabomu. Maneno hayo mawili yamefanana sauti kwa bahati tu. Lakini bahati haimpunguzii mzigo mtoto wa miaka kumi na miwili anayechekwa.

Kutoka huko safari huelekea Kasese na kushuka hadi Mpondwe, chini ya milima ya Rwenzori. Wakonzo wako upande wa Uganda, na ndugu zao Wanande wako upande wa Kongo, katika Beni na Butembo. Hapa jina ni namba. Wana wa kiume kwa kawaida hufuatana hivi: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Ng'ambo ya mto wanasema Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Binti wa kwanza ni Masika. Mtu akijua jina, amekwisha jua kiti cha mwenzake katika nyumba ya baba yake.

Kwa masikio ya Kiswahili, hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Katika kambi nyingi husimuliwa juu ya paredi ambapo sajini mgeni aliita, "Kule!" na kuruta wote wakageuza shingo kutazama kule alikoonyesha, ila mmoja tu, ambaye alikakamaa na kuitika, "Afande!" Ajapo Thembo, mwenye kiu husikia tembo la mnazi na mwingine husikia ndovu wa mbugani. Na Masika, ambaye kwao ni dada mkubwa wa kulea wadogo zake, kwa watu wa pwani ni majira ya mvua kubwa ya kuanzia Machi hadi Mei.

Kongo yenyewe imetawaliwa na majina yaliyowashughulisha Waswahili. Mwaka 1971 nchi hiyo ilipewa jina la Zaire, na mwaka uliofuata wananchi wakatakiwa kuacha majina ya Kizungu na kushika ya kiasili. Rais akatoa mfano kwa kujiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Maelezo rasmi ya jina hilo la Kingbandi yalikuwa ya kutisha: shujaa aendaye kutoka ushindi hadi ushindi akiacha moto nyuma yake. Lakini mama wa Bukavu au Lubumbashi, aliyekwisha sikia Kiswahili tangu utotoni, alipofika kwenye neno la tatu baada ya Mobutu aliona kuku akitembea uani. Mwaka 1997 akaingia Laurent-Désiré Kabila, na baada ya kuuawa kwake mwaka 2001 akafuata mwanawe Joseph hadi 2019. Hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini nchi yenye makabila mamia iliongozwa na mtu aitwaye Kabila. Waswahili walitabasamu, lakini kwao Katanga jina hilo lilikuwa jina la mtu tu, kama Juma au Otieno.

Upande wa kaskazini mambo huwa mazito zaidi. Katika Acholi mtu aweza kuitwa Komakech, yaani bahati yangu ni mbaya, au Ocan na Acan, majina yanayotaja dhiki. Otto hutokana na neno la kufa, hupewa mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya misiba. Sasa Wajerumani nao wana Otto, na kwao lina asili ya mali na utajiri. Otto wao mashuhuri kuliko wote ni Otto von Bismarck, mwenyeji wa mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambao uliweka kanuni za mataifa ya Ulaya kujigawia Afrika. Otto mmoja aliitwa kwa utajiri, mwingine kwa msiba, na vizuizi vya mipakani ambavyo Otto wa Acholi husimamishwa leo ni matunda ya zama zile za kugawana bara.

Walugbara wa Nile Magharibi, ambao wametoa askari kwa vizazi vingi, nao huyaweka machozi katika majina. Drani limo neno la kifo, na Candiru, jina la mwanamke, lina neno la taabu ndani yake. Katika mto Amazon wa Amerika ya Kusini yuko samaki mdogo anayeitwa candiru, aingiaye katika mashavu ya samaki wakubwa na kunyonya damu yao. Dada wa Arua aliyejikuta akilinganishwa na samaki huyo angekuwa na haki ya kukasirika. Taabu iliyoandikwa katika jina lake aliipata mama yake, wala haikumnyonya mtu damu.

Karibu na Moyo, katika Kajo Keji ya Sudani Kusini, wako watu wa kabila liitwalo Kuku. Mbele zaidi, katika milima ya Nuba ya Sudani, Kuku ni jina la mwana wa kiume wa kwanza, na binti wa kwanza ni Kaka. Mswahili akitembelea nyumba hiyo atatambulishwa kwa kijana Kuku na dada yake Kaka, na itambidi azuie kicheko chake kwa nguvu zote. Njia ya Elegu na Nimule nayo huleta akina Deng, ambalo kwa Wadinka ni jina la mvua na la nguvu za mbinguni. Wachina nao wana ukoo wa Deng, na Deng Xiaoping ni mmoja wao.

Askari wa Uganda wameyafuata majina mbali zaidi ya mipaka hii mitano. Tangu Machi 2007 vikosi vyao vilikwenda Somalia, nchi ambayo mwaka 2024 iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huko walikuta kwamba mtu hujulikana kwa lakabu kuliko kwa jina: Dheere kwa mrefu, Gaab kwa mfupi, na hapana anayechukia. Hata Rais wa 2017 hadi 2022, Mohamed Abdullahi Mohamed, alijulikana kote kwa lakabu ya Farmaajo, ambayo asili yake ni neno la Kitaliano la jibini. Na jeshi nalo lilizaa majina. Yoweri Kaguta Museveni, aliyeshika urais wa Uganda mwaka 1986, ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba jina lake linatokana na Abaseveni, wale askari wa Uganda waliotumikia Batalioni ya Saba ya King's African Rifles katika Vita Kuu ya Pili. Namba ya Kiingereza iliingia kambini, ikavishwa viambishi vya Kibantu, ikatoka ikiwa jina la mtoto.

Maana ya haya yote si kwamba watu wasicheke. Afrika Mashariki inao utani tangu zamani, na utani ni dawa. Lakini utani una sheria yake: mtani huchekwa, naye hupewa zamu ya kucheka. Kuruta anayechekwa na mkuu wake mbele ya paredi hana zamu. Mtoto wa askari aliyehamishwa kutoka Kasese hadi shule ya kambi ya Jinja hana zamu, maana yeye ni mmoja na darasa ni wengi. Baadhi yao hurudi nyumbani na kuomba waandikwe jina jingine, la Kizungu au la mchezaji mpira. Wazazi wakikubali kwa uchungu, mwaka wa njaa ulioshindwa hufutwa, na bibi aliyelitoa jina hafahamishwi sababu.

Liko pia jambo la karatasi, ambalo halina kichekesho hata kidogo. Karani asiyejua lugha ya mtu huandika asikiavyo. Kiiza akawa Kiza, Kakule akawa Kule, Ocan akaandikwa Ochan. Mwenyewe akiwa hai hucheka na kupita. Akifa, mjane wake hufika katika ofisi ya malipo na cheti cha ndoa chenye jina moja, kitabu cha benki chenye jina la pili, na kitambulisho cha taifa chenye la tatu, kisha huambiwa kwamba hao ni watu watatu. Tangu Uganda ilipoanza kuandikisha wananchi kwa vitambulisho mwaka 2014, herufi moja imekuwa na uzito kuliko zamani. Kusahihisha huhitaji hati za kisheria, nauli na subira, na mambo hayo matatu ni adimu katika nyumba ya matanga.

Kwa hiyo familia yenye busara huketi jioni moja, ikatandika mezani vyeti vyote vya nyumba, ikalinganisha majina herufi kwa herufi, na kusahihisha yaliyopotoka wakati mwenye jina yupo na aweza kusema. Jioni hiyo hiyo watoto waelezwe maana ya majina yao na nani aliyewapa. Mtoto ajuaye kwamba Kizza ni mfuasi wa pacha hatatishwa na neno giza, na ajuaye kwamba Wanjala ni ushindi juu ya njaa atawaeleza wenzake bila ya kuinamisha uso. Na askari anayesoma orodha asubuhi amuulize kuruta mara moja tu, kwa upole, jina lake hutamkwaje na lina maana gani. Swali hilo huchukua nusu dakika, na anayeulizwa hulikumbuka hata baada ya kustaafu.

Wahenga walisema, "Jina jema hung'aa gizani." Hawakusema kwamba ni lazima liwe jema katika lugha ya kila jirani.